Je, Wajua? Linux na Windows, Kila Mfumo na Diski Yake

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Linux na Windows zinaweza kugawana diski moja, na wengi wamefanya hivyo kwa miaka mingi, lakini siku zikikorofishana anayeumia ni mwenye kompyuta: picha za harusi, tasnifu na hesabu za duka vinakwenda na maji. Ukiwa na diski mbili, kila mfumo unapata yake na sehemu kubwa ya hatari inaondoka. Sehemu kubwa, si yote. Bodi kuu ya kompyuta bado ni moja, na vilivyomo ndani yake vinatumiwa na mifumo yote miwili. Anayejua kipi kimetengana na kipi bado ni cha pamoja husakinisha bila hofu.

ZILIKOTOKA

1. Je, wajua kwamba Linux ilianza kama kazi ya mwanafunzi? Linus Torvalds alikuwa na miaka 21, akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotangaza tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo endeshi wake mwenyewe. Windows ilikuwa imetangulia: toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1985.

2. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kuliko zote duniani, zinaendeshwa na Linux. Simu ya Android nayo ina kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ndani yake, kwa hiyo huenda umekuwa ukitembea na Linux mfukoni miaka yote hii.

3. Ubuntu, toleo la Linux ambalo wanaoanza wengi hulichagua, lilianzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

4. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Laptopu ya mtumba ya mwaka 2015, iwe imenunuliwa Kariakoo au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, haimo kwenye orodha hiyo. Linux itaipokea bila kuuliza umri.

DISKI YA PILI

5. Windows 11 inataka angalau GB 64 za nafasi. Ubuntu 24.04 inaomba GB 25 tu. Ile SSD ndogo ya GB 120 uliyoiweka kabatini baada ya kununua kubwa inatosha kabisa kuwa makao ya Linux.

6. Je, wajua kwamba SSD mbili za M.2 zinaweza kufanana kwa umbo na zisielewane na tundu moja? M.2 ni umbo tu, na ile iliyoandikwa 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe. Tundu la NVMe pekee halitaiona M.2 ya SATA. Soma kijitabu cha bodi kabla ya kulipa.

7. Kwenye baadhi ya bodi za kompyuta za mezani, ukichomeka diski kwenye tundu la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika. Diski ya zamani ikitoweka baada ya kuweka mpya, usikimbilie kusema imekufa. Hamisha kebo yake kwenye tundu jingine kwanza.

8. Laptopu nyingi za zamani zenye nafasi ya DVD zinaweza kubeba diski ya pili mahali hapo. Kuna fremu maalumu ya kuishikilia, na unene wake huwa milimita 9.5 au 12.7. Pima kabla ya kununua.

9. Linux huweza kusakinishwa kwenye SSD ya nje inayotumia USB na ikawaka vizuri tu. Windows haipendi hivyo: Microsoft iliondoa Windows To Go, njia yake rasmi ya kuwasha kutoka USB, mwaka 2020. Kwa hiyo kama diski moja lazima ikae nje, iwe ya Linux.

10. Kuongeza diski hakufuti leseni ya Windows. Tangu siku za Windows 8, laptopu nyingi zinazouzwa zikiwa na Windows hubeba ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe, na leseni ya kidijitali hutambua zaidi bodi kuliko diski.

KINACHOTOKEA UKIBONYEZA KITUFE

11. Kwa miaka mingi, kompyuta iliwaka kwa kusoma baiti 512 za mwanzo wa diski, zinazoitwa MBR. Humo, 446 zilikuwa za programu ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni, yaani vigawanyo vya diski, na 2 za alama ya kuthibitisha. Baiti 446 hazikutosha mifumo miwili, na ndiyo maana zamani kusakinisha Windows baada ya Linux kulikuwa ni kuifuta njia ya Linux.

12. MBR iliruhusu patisheni kuu 4 tu. Jedwali la kisasa, GPT, huruhusu 128 kwa kawaida, na huweka nakala yake ya pili mwisho wa diski. Mwanzo ukiharibika, jedwali linaweza kurejeshwa kutoka mkiani.

13. Kompyuta za leo hutumia UEFI, programu ya bodi inayoanza kazi unapobonyeza kitufe, na UEFI haisomi baiti za mwanzo. Inatafuta patisheni ndogo yenye mfumo wa FAT32, iitwayo ESP, na ndani yake kila mfumo una folda lake. Windows hukaa kwenye \EFI\Microsoft, Ubuntu kwenye \EFI\ubuntu. ESP hii ndiyo roho ya habari yote ya diski mbili.

14. Orodha ya mifumo unayoiona ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia haikai kwenye diski. Imeandikwa kwenye kumbukumbu ya bodi. Ndiyo maana unaweza kuchomoa diski na jina la mfumo likabaki kwenye menyu likielekeza mahali pasipo na kitu. Bodi nyingine hufanya kinyume: hufuta jina mara diski inapotoka.

15. Jina likifutwa, si mwisho wa mambo. UEFI ikikosa maelekezo, hutafuta faili la akiba, \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Hakikisha diski ya Linux ina faili hilo, na itawaka hata ukiihamishia kompyuta nyingine.

16. Kitufe cha menyu ya kuwashia hutofautiana: Dell, Lenovo na Acer mara nyingi ni F12, HP ni F9, bodi za mezani za ASUS ni F8, za MSI ni F11. Kwenye Acer huenda ukalazimika kuingia mipangilio ya UEFI kwanza na kuiruhusu menyu hiyo.

SIKU YA KUSAKINISHA

17. Je, wajua kwamba kuchagua diski ya pili kwenye kisakinishi cha Windows hakutoshi? Kikikuta ESP kwenye diski nyingine, mara nyingi huweka faili zake za kuwashia humo, na Windows yenyewe kwenye diski uliyochagua. Kila kitu kitaonekana salama hadi siku utakapoiondoa ile diski nyingine, na Windows ikakataa kuwaka.

18. Kisakinishi cha zamani cha Ubuntu kilikuwa na ugonjwa huohuo kwa miaka. Hata ulipokiambia waziwazi kiweke programu ya kuwashia kwenye diski ya pili, kiliiweka kwenye ESP ya kwanza kiliyoikuta, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya Windows. Maelfu ya watu walidhani wana mifumo miwili iliyojitegemea, kumbe mmoja alikuwa amepanga kwa mwenzake.

19. Dawa ya uhakika ni bisibisi. Chomoa diski ya Windows, sakinisha Linux kwenye diski iliyobaki peke yake, kisha rudisha. Kisakinishi hakiwezi kuandika kwenye diski isiyokuwapo. Kwenye kompyuta ya mezani yenye diski ya SATA, kuchomoa kebo moja kunatosha.

20. Kama diski haichomoleki kirahisi, angalia UEFI: baadhi ya bodi huruhusu kuzima tundu moja la diski kwa muda. Njia nyingine ni kutumia programu ya GParted ukiwa kwenye Linux iliyowashwa kutoka flashi ya USB: ondoa alama za boot na esp kwenye ESP ya Windows, sakinisha, kisha zirudishe. Ukisahau kuzirudisha, Windows inaweza kugoma, kwa hiyo andika jambo hilo kwenye karatasi.

21. Majina kama nvme0n1 na nvme1n1 yanaweza kubadilishana ukiwasha upya kompyuta yenye NVMe mbili. Usimtambue mtu kwa kiti alichokalia. Amri `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL` itakuonyesha ukubwa na modeli ya kila diski, na hivyo viwili havibadiliki.

22. Kisakinishi cha Linux kisipoiona diski kabisa, chunguza kama UEFI imeweka diski katika hali ya RAID au Intel RST. Kuhamia hali ya AHCI huifichua. Lakini ukibadili ghafla, Windows iliyokwisha kusakinishwa inaweza kushindwa kuwaka, kwa hiyo iandae kwanza iwake katika hali ya usalama (Safe Mode), ndipo ubadilishe.

23. Baada ya kusakinisha, thibitisha. Amri `efibootmgr -v` huonyesha kila mfumo na kitambulisho cha patisheni yake ya kuwashia. Kama Windows na Linux zinaonyesha kitambulisho kimoja, bado zinashiriki ESP, na kazi haijaisha.

24. Usijifunze Linux kwa mara ya kwanza kwenye diski. Flashi ya USB yenye Ubuntu au Linux Mint huiendesha bila kusakinisha chochote, na hapo utajua kama WiFi, sauti na kamera vinafanya kazi. Kabla ya kutengeneza flashi, linganisha alama ya SHA256 ya faili ulilopakua, zile herufi na tarakimu 64. Ikitofautiana hata moja, pakua upya.

YALIYOBAKI YA PAMOJA

25. Je, wajua kwa nini saa huchanganyikiwa? Saa ya bodi ni moja. Linux huiweka kwenye wakati wa dunia, UTC, na Windows huiweka kwenye wakati wa mahali ulipo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo ukitoka Linux ikiwa saa 9 alasiri, Windows itakuambia ni saa 6 mchana. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura kosa ni la saa 2, na Muscat ni la saa 4.

26. Kosa hilo si la kupuuza. Saa ikipotea sana, tovuti salama hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vina tarehe, na mafaili hupata saa ya uongo. Amri moja kwenye Linux, `timedatectl set-local-rtc 1`, huifanya ifuate desturi ya Windows. Wanaotaka kuifundisha Windows kutumia UTC huongeza thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejesta yake.

27. Secure Boot nayo ni ya bodi. Huruhusu tu programu za kuwashia zilizotiwa saini inayotambulika. Linux nyingi hupita kwa programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft, ambayo nayo huithibitisha GRUB, programu inayoiwasha Linux.

28. Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows liliandika kwenye kumbukumbu ya bodi orodha ya programu za kuwashia zilizopigwa marufuku. Linux nyingi zilizokuwa na shim ya zamani zikakataa kuwaka. Hapa hata waliokuwa na diski mbili hawakunusurika, kwa sababu kilichobadilika hakikuwa kwenye diski yoyote. Somo ni hili: sasisha Linux yako mara kwa mara, hata kama huitumii kila siku.

29. BitLocker hufunga diski ya Windows kwa usimbaji, na ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, usimbaji hujiwasha wenyewe kwenye kompyuta nyingi zinazosakinishwa upya. Ukigusa Secure Boot au mpangilio wa kuwasha, TPM huona mabadiliko na Windows huomba tarakimu hizo. Zitafute kwenye akaunti yako ya Microsoft na uziandike mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Bila hizo, mafaili yaliyosimbwa hayafunguki, awe fundi gani.

30. Kwa sababu hiyohiyo, ni salama zaidi kuichagua Windows kupitia menyu ya bodi kuliko kupitia GRUB. Windows ikipitia GRUB, vipimo vya TPM hubadilika na ombi la tarakimu 48 linaweza kujitokeza.

31. Ukipenda menyu ya GRUB hata hivyo, fahamu kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti tena mifumo mingine yenyewe. Ongeza mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye faili la /etc/default/grub, kisha kwenye Ubuntu au Mint endesha `sudo update-grub`.

32. Spika au kibodi ya Bluetooth hukubaliana ufunguo wa siri na kompyuta inapounganishwa. Linux na Windows hutumia kifaa kimoja cha Bluetooth chenye anwani moja, lakini kila moja ina ufunguo wake. Ndiyo sababu spika iliyounganishwa upande mmoja huisahau kompyuta upande wa pili. Haijaharibika.

MAFAILI

33. Je, wajua kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima Windows si kuizima kweli? Fast Startup huhifadhi kerneli kwenye diski ili kesho iwake haraka, na patisheni zake hubaki nusu wazi. Linux ikizikuta hivyo, kwa kawaida hukubali kusoma tu na kukataa kuandika, na inafanya vizuri. Zima hali hiyo kwa `powercfg /h off`. La kushangaza, kuwasha upya ndiko kunakoifunga Windows kikamilifu kuliko kuizima.

34. Linux husoma na kuandika NTFS ya Windows, na tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021 uwezo wa kisasa wa kazi hiyo umo ndani ya kerneli yenyewe. Windows, kwa upande wake, haisomi ext4 ya Linux ilivyo. Ikikuuliza kama unataka kuifomati diski isiyoielewa, jibu ni hapana.

35. Kwa mafaili ya pamoja, tenga patisheni ya exFAT au NTFS. FAT32 haifai kwa video, maana haikubali faili linalofika GB 4.

36. Diski mbili si bekapu. Radi, mwizi au chai iliyomwagika huchukua zote mbili pamoja. Nakala ya kweli hukaa nje ya kompyuta hiyo.

SIKU YA KUAGANA

37. Ukiamua kuachana na Linux iliyo kwenye diski yake yenyewe, unaifomati diski hiyo, unafuta jina lake kwenye orodha ya bodi, na Windows inaendelea bila kuhitaji ukarabati. Ukiamua kuachana na Windows, ni hivyohivyo. Kwenye diski moja, kazi hiyo imewalazimu wengi kutafuta fundi.

38. Kwa kufupisha, mpangilio wa kazi ni huu: bekapu, tarakimu 48 za BitLocker, zima Fast Startup, chomoa diski ya Windows, sakinisha Linux, rudisha diski, thibitisha kwa `efibootmgr`, rekebisha saa. Mwanafunzi au mwalimu anayefuata hatua hizi anaweza kuvunja Linux yake mara nyingi kadiri anavyojifunza na kuisakinisha upya jioni hiyohiyo, huku kazi za watu wa nyumbani zikibaki salama kwenye Windows. Kila kijana anayetaka kuijua kompyuta kwa undani anastahili nafasi hiyo, na gharama yake ni SSD moja ndogo.